Ngazi ya Mwalimu Nyabise

Aliniita Luchelele asubuhi na mapema,
mkono wa kushoto ndani ya plasta,
wa kulia umeshika kikombe cha uji.
Hakungoja hata shikamoo yangu:
"Fundi Bwire, ngazi yako imenitupa."

Si yangu. Ni ya gari lake,
ile nyumba ya magurudumu aliyoileta Mholanzi mmoja
akaiuza kwa bei ya bajaji tatu
giaboksi ilipomkatisha tamaa.
Mwalimu aliinunua kwa kiinua mgongo.
Miaka thelathini na moja alifundisha jiografia,
akiuchora Nili kwa chaki ya buluu
bila kufika hata Jinja.

Nikalala chali juu ya changarawe,
tochi mdomoni.
Vidato viwili vya aluminiamu, mikono minne ya chuma,
mota ndogo kama kopo la maziwa,
na katika kila kiungo
mchanga, magamba ya dagaa,
usubi wa ziwani waliokufa kwa maelfu
wakagandamana na grisi
hata ikawa ugali mweusi.

"Nani alipaka grisi huku?"
"Mimi. Kila Jumamosi. Kwa mapenzi."
"Mwalimu, mapenzi mengine hukusanya mchanga."

Akacheka, uji ukamwagika.

Kisa chenyewe alikisimulia akiwa amesimama.
Mpwa wake, Kwilasa, alitia ufunguo
ili asikilize mpira redioni, akawasha na injini
betri isije ikaisha.
Gari hilo likisikia injini hukunja ngazi,
kama kuku anavyoupandisha mguu siku ya baridi.
Giza. Mwalimu akatoka na beseni la vyombo.
"Nilikanyaga," akasema,
"pale ilipokuwepo jana."

Nikamshauri tuchomelee chuma,
ngazi ya kudumu, isiyo na ujanja.
Akanitazama kama mtoto aliyeiweka Ukerewe
katikati ya Tanganyika.
"Ngazi isiyokunjwa ni ya nyumba.
Na nyumba ninayo, Nyegezi.
Ina wapangaji. Nifundishe."

Basi nikamfundisha.
Parafini na mswaki mkuukuu, sugua hadi chuma kionekane.
Kausha. Usiharakishe, kausha.
Halafu mafuta makavu, yale ya silikoni,
puliza kidogo, futa yaliyozidi.
Hapa mlangoni kuna sumaku, ndogo kuliko punje ya hindi;
ikilegea, ngazi haijui kama mlango uko wazi.
Bushi ya kulia imelika, nitakuletea nyingine.
Bolti hizi nne, zishike kwa mkono kila safari,
mkono huona ambacho jicho limezoea.

Yeye anaandika. Daftari la mistari,
tarehe pembeni, kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula,
na chini kabisa, kwa wino mwekundu:
*Kutu haina likizo.*

Nikafunga king'ora kidogo cha kulia kabla haijakunjika,
nikapaka ukingo rangi nyeupe.
Tukafungua mlango.
Ngazi ikatoka, *nnnng*, ikatulia.
Hakuikanyaga.
Alichukua mpini wa fagio, akaigonga mara mbili,
akasubiri,
kisha akashuka, mguu mmoja, halafu ule mwingine ukafuata,
akasimama chini akitazama ziwa
kana kwamba limesogea.

Plasta ilipotolewa sikuambiwa.
Niliambiwa baadaye, kwa picha:
ngazi peke yake, bila mtu,
vidato vyeupe ukingoni, chini udongo mweusi uliopasuka.
Ujumbe ukafuata.
"Imegusa Bunda. Mchanga kidogo. Mswaki uleule."

Sikumjibu saa ile. Nilikuwa chini ya Fuso, Nyakato,
mikono imejaa oili.
Lakini jioni, nikitoka kizingitini kwangu,
jiwe nililolikanyaga tangu nioe,
nilijikuta nimelipapasa kwanza
kwa ncha ya kiatu.